Wakikubali Wote, Rudi Ukaulize

Tandika, Alhamisi, baada ya alasiri

Hidaya mwanangu,

Barua za zamani zilianza kwa kuulizia afya ya anayeandikiwa. Mie afya yako sina haja ya kuiulizia. Asubuhi umekula chapati zako na moja ya baba yako, ukatoka hapa mbio ukisema unakwenda Vingunguti kumuaga shangazi yako na kwamba hutakawia. Utakawia. Kwa Shangazi Mwajuma mtu haruhusiwi kuondoka kabla hajalishwa mara mbili. Ndiyo maana nimepata nafasi, nimefunga mlango wa chumba cha mbele, nakuandikia.

Baba yako yuko ukumbini anahangaika na zipu ya begi lako. Kila baada ya muda naisikia sauti yake, "Mama Hidaya, hii zipu wametengeneza ili iweje?" Nadhani zipu ilishakaa sawa tangu mchana, ila hataki kuliacha begi.

Sitakuandikia habari za sweta, wala chakula, wala watu wa kukaa nao mbali. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayajulia huko huko Kigali. Nataka nikuandikie habari za kazi, kwa sababu unakwenda kufanya kazi niliyoifanya mimi karibu maisha yangu yote ya ukubwani, na hapa mtaani hakuna mwingine wa kuzungumza naye. Nikisema mimi ni msanifu wa mifumo, yaani nachora jinsi programu za ofisi zitakavyofanya kazi pamoja, watu wanadhani natengeneza kompyuta. Jirani yetu aliwahi kuniletea pasi iliyoungua waya. Niliitengeneza, maana kumweleza kungechukua muda mrefu zaidi.

Wewe peke yako uliielewa kazi hii, tena ungali mtoto. Ulikuwa unalala kifudifudi chini ya meza ya chakula wakati mimi nachora juu yake, na kila karatasi iliyoanguka ulikuwa unaiokota na kuisoma. Siku moja ukanyanyua kichwa ukaniuliza, "Mama, hili boksi linaongea na hili, mbona hili la pembeni haliongei na mtu?" Nikatazama. Kweli, nilikuwa nimesahau mfumo mzima wa idara moja, umekaa pembeni bila mshale hata mmoja. Nilikubeba nikakuzungusha hadi ukapiga kelele. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena kazini.

Leo naitazama ile meza na naona nitakavyoimiss sauti yako inayotoka chini yake, ingawa umeshakuwa mrefu kuliko mimi na miaka mingi sasa unakaa kwenye kiti kama watu wengine.

Nikuhadithie ile habari ya kampuni ya dawa. Vipande vyake umevisikia, hasa baba yako anapotaka kunitania, lakini yote sijawahi kukusimulia kwa mpangilio. Nilikuwa nimeajiriwa karibuni, msanifu mkuu, na ile "mkuu" ilikuwa imenipanda kichwani. Kampuni ilikuwa inasambaza dawa kwenye zahanati na hospitali za mjini na mikoani. Walikuwa na programu tatu: moja ya kupokea oda, moja ya stoo, moja ya magari. Kila moja ilinunuliwa wakati wake, na mtu wake, kwa sababu zake, na hakuna iliyokuwa inajua kwamba nyingine ipo. Kazi yangu ilikuwa kuziunganisha.

Nilifanya kila kitu nilichofundishwa. Niliita vikao. Nilichora hali ilivyo, nikachora hali tunayoitaka, nikachora njia ya kutoka huku kwenda kule hatua kwa hatua. Michoro yangu ilikuwa mizuri, Hidaya, sikufichi. Niliichapisha kwa rangi kwenye karatasi kubwa ya ukutani: oda inaingia, inaidhinishwa, stoo wanapata namba, geti linafunguka, gari linatoka. Siku ya kuiwasilisha mkurugenzi mwenyewe alikuwepo, na wakuu wa idara wote, na soda na korosho mezani. Nilipomaliza mkurugenzi akauliza, "Kuna mwenye swali?" Kimya. "Tunakubaliana?" Vichwa vyote vikaitikia. Mmoja akasema, "Hapa tumepata mtaalamu." Wakapiga makofi.

Kwenye kile kikao alikuwepo Anti Rehema. Huyo unamjua kama anti wa sikukuu na wa vitenge, lakini wakati ule ndiye alikuwa mkuu wa usambazaji, amesoma kuliko mimi, na tulikuwa tumejuana tangu shule. Alikaa kiti cha pembeni yangu. Na yeye alipiga makofi.

Asubuhi tuliyouwasha mfumo mpya, kabla jua halijawa kali, magari yalikuwa yamepanga foleni ndani ya uzio na geti halifunguki. Simu za idara ya Rehema zilikuwa zinaita zote kwa pamoja. Zahanati moja ya Mbagala ilikuwa inaulizia dripu na dawa za mama aliyejifungua na kuvuja damu, na dawa zilikuwa tayari ndani ya gari, naziona kwa macho yangu, lakini mfumo unasema hakuna oda iliyoidhinishwa. Maboksi ya dawa za jokofu yakatolewa yakasubiri namba, na namba haikuja. Nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja na kompyuta yangu mkononi, nikisema, "Ingizeni oda kwanza, ingizeni oda kwanza," na watu wananitazama kwa huruma.

Dawa ya Mbagala hatimaye Rehema aliitoa kwa mkono wake, akamwambia mlinzi afungue geti na atajibu yeye. Yule mama alipona. Dawa za jokofu zilitupwa zote. Mchana tukarudisha mfumo wa zamani.

Unajua nilikuwa nimekosea wapi? Ile kampuni, kwa sehemu kubwa, oda haikuwa inaanza kwenye kompyuta. Zahanati zilikuwa zinapiga simu. Dawa inatoka saa ile ile, kwa kuaminiana, na oda inaandikwa jioni watu wakishapumua. Miaka yote walikuwa wanafanya hivyo, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa mgonjwa hasubiri idhini. Mfumo wa zamani ulikuwa mbovu kiasi cha kuwaruhusu. Wangu ulikuwa mzuri kiasi cha kuwazuia. Na kila mtu kwenye kile chumba chenye soda na korosho alikuwa analijua hilo.

Baada ya kila kitu kutulia nilimfuata Rehema kwa mama ntilie nyuma ya ofisi. Nilikuwa na hasira, hata salamu sikutoa.

"Shoga, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa mbona ulinyamaza? Umekaa pembeni yangu pale, unapiga makofi!"

Akasukuma sahani yake pembeni. "Ulitaka niseme pale? Mbele ya mkurugenzi, na wewe ndo kwanza umeanza kazi? Nikuvue nguo mbele za watu? Mie siwezi kumfanyia vile mtu baki, sembuse wewe."

"Ungeniambia baadaye basi!"

"Nilikuwa nakusubiri uje. Tulikuwa tunakusubiri wote. Tukasema huyu atapita mezani kwetu, atakaa, atauliza, tutamwambia taratibu. Hukuja, shoga. Kila nikipita naona mlango umefungwa, unapaka rangi."

Alikuwa amenisitiri, Hidaya. Wote walikuwa wamenisitiri. Walinipenda vya kutosha kutoniaibisha, na kwa ajili ya upendo huo dawa zikatupwa na mama wa watu akakaribia kufa Mbagala. Vitabu vya kazi yetu havina ukurasa wa jambo hili, maana walioviandika wanatoka kwenye watu wanaobishana kikaoni halafu wanakwenda kunywa pamoja. Sisi kikaoni tunakubali. Kukataa kwetu kuna mahali pake: kwenye korido, kwenye benchi la nje, kwenye gari mkirudi, na kwa sauti ya chini. Asiyefuata hadi huko anabaki na makofi tu.

Tangu pale nilibadilisha namna yangu ya kufanya kazi, na hii ndiyo mali pekee ninayokupa uondoke nayo. Kikao ninakiita bado, kwa heshima ya wakubwa, lakini sikitegemei. Kikiisha nazunguka kwa mmoja mmoja, na ninakwenda na mchoro wa penseli, uliofutwafutwa, hata wenye alama ya kikombe cha chai. Mchoro wa rangi watu wanausifu kwa sababu wanaona umekutoa jasho. Wa penseli wanaushika, wanakunyang'anya penseli, wanakwambia, "Hapana bwana, hapa siyo hivi." Nimewahi kuuchafua mchoro makusudi. Baba yako alinikuta jikoni naupaka chai akadhani nimepata wazimu.

Na usiulize, "Mnafanyaje kazi?" Ukiuliza hivyo watakusomea taratibu za ofisi. Uliza, "Umeme ukikatika mnafanyaje? Yule anayejua nywila akiwa msibani, mnafanyaje? Bosi akitaka kitu sasa hivi, mnapita wapi?" Hapo ndipo utaambiwa taasisi ilivyo. Chukua kitu kimoja, oda moja, mteja mmoja, ukifuate tangu kinapozaliwa hadi kinapofika mwisho, kwa miguu yako, na andika kila mahali kinapotoka kwenye kompyuta kikaingia kwenye simu ya mtu.

Usidharau mfumo wa zamani. Najua ulivyo, wewe ukiona kitu kimechakaa unasonya. Nyumba hii babu yako aliijenga chumba kimoja kimoja, kila alipopata mtoto au mgeni asiyeondoka, na ndiyo maana bomba la maji linapita chumbani kwetu na soketi ya friji iko koridoni. Mgeni anacheka. Lakini ukibomoa ukuta bila kuuliza nani amelala nyuma yake utaamsha watu. Kabla hujazima kitu, kaa na waliokijenga kama bado wapo, uwaulize walikuwa wanakimbia tatizo gani. Na wewe ukiamua jambo, andika sababu, na andika ulichokikataa na kwa nini. Watu wanahama kazi, wanasahau, wanakufa, na anayebaki na mfumo usio na sababu anaishi kwa kubahatisha.

Na usiuzime wa zamani siku ile ile unapouwasha mpya. Iache yote miwili itembee pamoja kwa muda, hata kama wakubwa wanalalamika kwamba ni kazi mara mbili. Ni kazi mara mbili kweli. Fanya.

Sasa nifike nilipokuwa nataka kufika tangu mwanzo.

Baada ya yote hayo, baada ya miaka ya kuwafundisha vijana wa watu kwamba kimya cha kikaoni si makubaliano, niliporudi nyumbani nilichora mchoro wa rangi. Wewe ulikuwa hujamaliza chuo. Nilikuwa nimeshapanga kwamba nikistaafu tutafungua ofisi yetu, mama na binti, hapa hapa kwenye chumba cha mbele. Nilikwenda Keko nikaagiza meza mbili za mninga, nikazisimamia hadi fundi akanichoka. Nilikupangia uanze na wateja wadogo, wenye maduka na shule, kisha tupande. Kila jioni nilikuwa nakueleza, na kila jioni ulikuwa unaniambia, "Sawa mama." Ulikuwa unanisaidia hata kuchagua jina. Nami, mwanamke niliyepigiwa makofi na kampuni nzima ya dawa, nikachukua ile sawa yako nikaiweka ukutani.

Ndipo ile Ijumaa akaja Shangazi Mwajuma, amejifunga khanga mpya, mkononi kikapu cha matunda. Mtu akija na kikapu siku isiyo ya sikukuu najua ametumwa. Akaanza mbali sana. Akaulizia mgongo wangu, mvua, bei ya vitunguu. Mwisho akasema:

"Wifi, mtoto kapata kazi."

"Kazi ipi tena? Si anayo hapa na mie?"

"Kigali, wifi. Kwenye benki. Usanifu huo huo wenu. Mkataba kashasaini, alikuwa anaogopa kukwambia."

Nikasema alhamdulillah. Nikamwita baba yako nikamwambia habari njema, akawa tayari anaijua. Nikakukumbatia uliporudi. Wiki zote hizi nimekuwa nikiwaambia majirani jinsi nilivyofurahi, nimekununulia begi, nimekusindikiza Mwenge kuchagua vinyago vya kuwapelekea wenzako wapya, nikabishana na muuzaji kwa niaba yako na kucheka. Kila uliponiuliza, "Mama, uko sawa kweli?" nilikujibu hamna shida, nenda mama, nenda kajifunze.

Sikuandikii ili uone haya. Ulimtuma shangazi yako kwa sababu ulikuwa unanisitiri, na hiyo umeirithi, hukuiokota njiani. Ulinitazama nimesimama mbele ya mchoro wangu nimejaa furaha, ukashindwa. Ninachokililia si kwamba ulikataa. Nakililia kile kipindi chote ulichokuwa unakataa peke yako, kwenye chumba kilichopakana na changu, na mimi sikupita hata mara moja kukaa kitandani kwako na kuuliza vizuri.

Nimekaa kwenye meza moja kati ya zile mbili, na hii nyingine ina nguo zako zilizopigwa pasi. Nitakukosa, Hidaya. Nitakukosa ukisimama nyuma yangu unasoma ninachochora na kusonya kabla sijamaliza mstari. Ofisini wananiita mheshimiwa, hakuna anayenisonya. Nitakukosa ukipiga hodi kwenye nyumba yenu wenyewe kama mgeni, na ukibishana na baba yako habari za mpira usioujua. Jana nilikusikia unaimba bafuni nikasimama koridoni na ndoo mkononi, maji yakanimwagikia miguuni, sikusogea hadi ulipomaliza wimbo.

Kwa hiyo nisikilize. Mimi nimekuwa nikikupigia makofi kama wale watu wa kampuni ya dawa, na sitaki uondoke na makofi yangu. Sitaki uende. Sitaki kabisa. Sitaki hiyo benki, siutaki huo mkataba, nataka ubaki hapa unisumbue hadi nizeeke. Nimelisema mwenyewe, bila wifi, bila kikapu. Na nikishalisema naona nyumba haijaanguka, na wewe bado ni mwanangu, na bado unaondoka kesho asubuhi. Nenda. Nimekukatalia na nimekuruhusu, yote mawili ni kweli, na ningependa ujue kwamba kwetu sisi yanaweza kukaa pamoja.

Sijui kama utarudi. Sikuulizi, kwa kuwa najua nikikuuliza leo utanijibu kile ninachotaka kukisikia. Siku utakapokuwa na jibu, liwe ndiyo au hapana, niletee mwenyewe. Nipigie nikiwa peke yangu. Nitakasirika kidogo, unanijua. Subiri nimalize.

Nilikusudia kuificha barua hii chini ya nguo zako uisome ukishafika, kama mama wengine wanavyofanya. Lakini naisikia sauti yako getini, unamwambia baba yako shangazi amekupa maboksi mawili ya chakula na huna pa kuyatia, na baba yako anacheka, na nimebadilisha mawazo. Nitakupa mkononi sasa hivi. Utaisoma hapa, nimekaa mbele yako, nakutazama usoni. Na ukimaliza, mama yangu, niambie neno lolote unalotaka, hata kama ni baya, ila usiniambie sawa.

Mama yako